Kitufe cha "Endelea": kabla hujakifunga, soma hapa

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza, anayetengeneza kozi za mtandaoni kwa ajili ya wahudumu wa afya, kaniandikia WhatsApp usiku: "Shikamoo kaka. Nimefunga kitufe cha Endelea mpaka sauti iishe, mteja kafurahi sana. Ila mtu akirudi slaidi ya nyuma, kitufe kinajifunga tena na inabidi asubiri upya. Nifanyeje? Natakiwa kukabidhi Ijumaa."

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka nilikupa palepale, na naliweka hapa kwa faida ya wengine.

Dada huyu anatumia Storyline, programu ya kutengenezea kozi za mtandaoni, na alifuata njia ambayo karibu sote tuliojifundisha kazi hii kupitia YouTube tumeipita. Triga (amri ya aina ya "likitokea hili, fanya lile") ya kwanza inafifisha kitufe slaidi inapoanza, kisibofyeke. Triga ya pili inakirudisha mstari wa muda, ule unaopanga nini kitokee sekunde gani, unapofika mwisho. Mara ya kwanza inakwenda vizuri. Mtu akirudi, slaidi haina habari kwamba huyu alishaisikiliza. Inachojua ni kwamba imeanza, basi inafunga. Dawa ni kuipa kumbukumbu. Tengeneza kigeu, yaani kisanduku cha kutunzia jibu ambalo programu italikumbuka, cha ndiyo au hapana, kiite kwa mfano Slaidi3Imeisha, kianze na hapana. Mstari wa muda ukiisha, kigeuke ndiyo. Kisha ile triga ya kufifisha ipe sharti: funga iwapo tu kigeu bado ni hapana. Angalia pia mpangilio wa slaidi inaporudiwa: ukiiambia ijirudishe upya kabisa, vitu vyote vinarudi vilivyokuwa mwanzo, na usipokuwa na kigeu utashangaa kwa nini kazi yako imefutika.

Kwa kozi ya slaidi hamsini, kufanya hivyo slaidi moja moja ni adhabu. Storyline 360 ina mpangilio ndani ya pleya, ile fremu inayoizunguka kozi, unaozuia vitufe vya mbele na nyuma kwa kozi nzima bila wewe kuandika triga hata moja: ukichagua ule wa kati, ambao si huru wala haujafungwa kabisa, mtu anarudi atakavyo kwenye slaidi alizokwisha kuziona lakini haruki mbele. Tumia huo. Triga za mkono ziwekee slaidi zenye shida zake za pekee.

Sasa hilo ndilo jibu aliloliomba. Lakini pale aliposema "mteja kafurahi sana" moyo wangu ulishtuka kidogo, kwa sababu mimi namjua huyo mteja. Wewe pia unamjua, kama uko kwenye kazi hii na una ndoto ya kutoka kwenye vijikozi vya laki mbili ukaanza kuandikiwa na mashirika yanayolipa vizuri. Mteja anayefurahia kufuli.

Wangu alikuwa benki moja. Jina siliweki. Walitaka kozi ya utakasishaji wa fedha haramu kwa wafanyakazi wa matawi yote, na hili si jambo la hiari: tangu sheria ya mwaka 2006, taasisi za fedha Tanzania zina wajibu wa kutambua wateja wao, kutoa taarifa za miamala yenye shaka na kuwafundisha watumishi wao. Kwa hiyo kulikuwa na shinikizo, na kulikuwa na mama mmoja mkuu wa mafunzo aliyekuwa na hofu moja tu, kwamba watu watabofya haraka haraka wafike mwisho na kuchukua cheti. Kikao cha kwanza alisema, "Nataka asipite mtu bila kusikiliza. Funga kila kitu."

Nikamweleza kwa adabu. Nikasema, mama, kufuli la saa linapima muda ambao slaidi imekaa wazi, halipimi masikio. Nikapendekeza tufungue slaidi zote za maelezo, tufunge pale penye maswali ya uamuzi tu. Nilikuwa nimeandaa hata mfano, nikaufungua kwenye kompyuta yangu mezani. Hakuutazama. Alisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto shingoni: "Wewe ni fundi. Wafanyakazi wetu tunawajua sisi."

Fundi. Sawa. Baba yangu alikuwa fundi seremala na sijawahi kuliona neno hilo kama tusi, mpaka siku ile.

Tulifunga kila kitu. Miezi ya kutengeneza nairuka, haina utamu wowote: kurekodi, kusahihisha, kurekodi tena, kubadilishana faili zenye majina kama "mwisho_kabisa_3". Kozi ikatoka. Ndani ya muda mfupi malalamiko yakaanza kumiminika kutoka matawini, na ndipo ilipokuja ile barua pepe, wakubwa wote wamewekwa nakala, ikisema mtengenezaji "hakuzingatia mazingira halisi ya watumiaji". Mtengenezaji ni mimi. Awamu yangu ya mwisho ya malipo ikakalishwa. Yule mama hakuandika hata mstari mmoja kwamba kufuli lilikuwa agizo lake, na mimi nilikuwa na kumbukumbu za kikao, zimesainiwa, ndani ya droo.

Kilichoniokoa ni meneja wa tawi moja la Kariakoo, mtu wa watu, aliyenikaribisha nikae jioni moja baada ya kufunga milango nitazame kozi inavyochukuliwa. Nawaombeni sana, kama hamtafanya jambo lingine lolote kati ya haya ninayoyaandika, fanyeni hili. Kaeni pembeni ya mtu.

Keshia alifungua kozi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima sauti, kwa sababu pale kaunta hedifoni haziruhusiwi na ofisi nzima haitaki kusikia mambo ya fedha haramu kupitia spika. Kisha akasogeza dirisha la kozi kwenye kona ya kioo, mpaka kikabaki kinaonekana kipande cha chini chenye kitufe, akaendelea kufunga mabunda ya noti. Mpira, bunda, mpira, bunda. Kila baada ya muda jicho linakwenda kwenye kona. Kitufe kikiwa kijivu, anaendelea na noti. Kikigeuka bluu, anabofya kwa kidole cha pete kwa sababu vingine vimeshika mpira. Nikamuuliza slaidi hiyo inahusu nini. Akasema, "Sijui kaka, ila hii ni ile ndefu. Baada yake kuna fupi mbili halafu nyingine ndefu."

Alikuwa ameihifadhi kozi yangu kichwani kwa urefu wa slaidi! Rangi ya kitufe ndiyo iliyokuwa somo lenyewe.

Nilirudi nyumbani nikaijenga upya moduli moja bila kuambiwa na mtu na bila malipo. Slaidi za maelezo zote wazi, maandishi yanayojitosheleza hata sauti ikizimwa. Kisha, badala ya saa, kazi: anakuja mteja na fedha taslimu, kaigawa vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachotakiwa kutolewa taarifa, leo asubuhi kipande, mchana kipande, kesho tawi la jirani. Taarifa zake tatu ziko kwenye kioo, bofya kila moja usome, kisha amua: unapokea na kunyamaza, unamkatalia pale pale, au unapokea na kumjulisha afisa husika bila mteja kujua? Kitufe cha Endelea kinafunguka ukishaamua. Ukikosea kinakuonyesha matokeo ya kosa lako, unaamua tena. Hakuna saa hata moja ndani yake.

Nilipoipeleka kule Kariakoo, yule keshia aliacha mabunda. Akaita na mwenzake wabishane jibu.

Mwezi uliopita benki ile ile imenisainisha mkataba wa kozi nyingine nne. Mkuu wa mafunzo ni mwingine sasa. Kwenye kikao cha kwanza alisema, "Tufanye kama ile ya Kariakoo." Sikusema kitu. Nilitabasamu tu, na nilikuwa na haki ya kutabasamu.

Wala msidhani haya ni maoni yangu peke yangu. Mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walichapisha utafiti uliotumia katuni fupi yenye sauti, ya kama sekunde 140, inayoeleza radi inavyotokea. Kundi moja liliitazama mfululizo. Jingine lilipewa ile ile ikiwa imekatwa vipande 16, na kila kipande kikiisha inasimama mpaka mtu mwenyewe abofye kuendelea. Waliokuwa wanabofya wenyewe ndio waliojibu vizuri zaidi maswali ya kutumia walichojifunza. Sauti ile ile, picha zile zile. Tofauti ni nani anashika mwendo. Kwa hiyo ukitaka kumshawishi mteja anayependa kufuli, usianze kubishana naye juu ya uhuru wa mwanafunzi, hatakuelewa. Mwambie tukate vipande vifupi, kila kimoja kiishie na kitufe. Atajiona kapata udhibiti wake, na mwanafunzi atakuwa kapata mwendo wake.

Kuna jambo lingine lililokuwa nyuma ya yale malalamiko, na hili ni la kiufundi hasa, msiliruke. Matawi ya mikoani walikuwa wanakatikiwa intaneti katikati ya kozi. Wakirudi, kozi inaanza slaidi ya kwanza. Na kwa kuwa kila kitu kimefungwa, lazima wakae wasikilize yote tena toka mwanzo. Mtu mmoja wa Kigoma aliandika kwamba amekaribishwa kwenye kozi ile na sauti yangu mara nyingi kuliko anavyosalimiwa na mkewe.

Chanzo kilikuwa SCORM 1.2, ule mtindo wa zamani wa kufungasha kozi ambao mifumo mingi ya kuendeshea kozi bado inautumia. Unatoa nafasi ya herufi 4,096 tu kuhifadhi hali ya mwanafunzi: alipofika, alichobofya, alichojibu. Kozi ndefu yenye triga na vigeu vingi inajaza nafasi hiyo mapema, na ikishajaa, mfumo mwingine unakataa kimya kimya, hauonyeshi kosa lolote. Alama ya alipofikia inapotea. Toleo la tatu la SCORM 2004, mtindo uliofuata, liliongeza nafasi hiyo hadi herufi 64,000, na la nne likaibakisha hapo. Kwa hiyo uliza mapema mfumo wa mteja unapokea lipi. Kama ni 1.2 tu, kata kozi iwe moduli fupi, na slaidi ambazo hazina haja ya kukumbuka kitu ziambie zijirudishe mwanzo, maana kila slaidi inayotunza hali yake inakula herufi. Na hapa ndipo utaona kwamba ushauri wangu wa vigeu hapo juu una gharama: kila kufuli unaloweka linaongeza mzigo kwenye mfuko ule ule mdogo. Kufuli zikizidi, alama inapotea. Alama ikipotea, kufuli zinageuka kifungo. Mwanafunzi anakuwa kama abiria wa daladala inayogeuza njiani na konda anamdai nauli upya.

Upande wa muda wa slaidi zenyewe, wengi wenu mnapokea kozi za Kiingereza mkitakiwa kuzigeuza Kiswahili, na hapo ndipo muda unapoharibika. Sauti ya Kiswahili karibu siku zote inatoka ndefu zaidi. Storyline itarefusha mstari wa muda sauti ndefu ikiingia, lakini picha na maandishi yaliyopangwa kutokea sekunde ya kumi na mbili yatatokea sekunde ya kumi na mbili, hata kama msimulizi bado anasema jambo la sekunde ya saba. Usijaribu kukadiria kwa macho. Cheza mstari wa muda, sikiliza, na kila penye mshuko wa sentensi bonyeza herufi C kwenye kibodi. Programu inaweka alama hapo. Kisha panga vitu vyako kwa alama hizo. Ukiweka sauti mpya, unasogeza alama. Picha zinazotakiwa kubaki mpaka mwisho ziambie zibaki mpaka mwisho wa mstari, usizipimie sekunde kwa mkono.

Kwa rasimu natumia sauti za kompyuta. Microsoft wana za Kiswahili, Rehema na Daudi kwa matamshi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ya Kenya, na zinatosha kabisa kupangia muda kabla hujamlipa msimulizi. Lakini msimulizi wa kweli atavuta pumzi pengine na kukaza pengine, kwa hiyo alama zote utazipitia upya. Hakuna njia ya mkato. Sikiliza kozi yako yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mwendo wa mwanafunzi. Wewe uliyeweka kufuli la dakika mbili, kaa nalo hizo dakika mbili.

Mnaotumia Captivate ile ya zamani, programu nyingine ya kutengenezea kozi: kitufe chenu kinasimamisha slaidi sekunde 1.5 toka kianze, hivyo ndivyo kinavyokuja. Ndiyo maana katuni zenu zinaganda katikati na mnalaumu kompyuta. Vuta alama ya kusimama mpaka sauti inapoishia. Wasio na leseni yoyote, wenye PowerPoint tu: weka onyesho kwenye hali ya kioski, na hapo kubofya ovyo hakusogezi kitu, vinafanya kazi vitufe ulivyoviwekea kiungo tu. Kwa darasa la kompyuta za shule inatosha. Na kwenye H5P, zana ya bure ya kutengenezea mazoezi shirikishi inayoingia ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi, video shirikishi ina mpangilio wa kuzuia mtu kuruka mbele. Lakini nimeshasema ninavyofikiri kuhusu kuzuia.

Slaidi ya kwanza isiwe na sauti inayoanza yenyewe. Tangu mwaka 2018 Chrome inazuia sauti mpaka mtu abofye kitu, kwa hiyo weka kitufe cha "Anza" na sauti ije baada ya hapo. Nimeona kozi ambazo mstari wa muda unakimbia bila sauti na mwanafunzi anadhani simu yake mbovu.

Halafu kuna wale wanaokwenda kinyume kabisa, slaidi zinazojiondokea zenyewe saa ikifika. Jamani, kuna mtu anasoma polepole. Kuna mtu anatumia programu ya kumsomea kioo kwa sababu haoni. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya kazi za mtandaoni zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, iko wazi tangu 2008: ukimwekea mtu kikomo cha muda, mpe uwezo wa kukizima, kukibadilisha au kukiongeza, isipokuwa pale ambapo muda wenyewe ndio mtihani. Mashirika mengi ya kimataifa yanayotoa kazi hizi huku kwetu yanadai WCAG kwenye zabuni. Ukitaka kazi zao, jifunze hilo sasa, usisubiri kuulizwa kwenye kikao. Na kitufe chako kilichofungwa kisiwe rangi tu; weka na maandishi yanayosema kwa nini kimefungwa na mtu afanye nini kifunguke. "Soma taarifa zote tatu ili uendelee." Ni sentensi moja. Inapunguza simu za msaada kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuweka kwenye kozi.

Vijana wenzangu, tuna tabia ya kumwogopa mteja. Akisema funga, tunafunga, kwa sababu kodi ya nyumba inasubiri. Nami sikushauri ugombane na anayekulipa. Nakwambia uandike. Kila ulichoshauri kikakataliwa kiweke kwenye kumbukumbu za kikao na umtumie siku hiyo hiyo, kwa lugha nzuri: "Kama tulivyokubaliana, slaidi zote zitafungwa mpaka sauti iishe. Pendekezo letu la kufunga maswali tu tumeliweka kando kwa sasa." Ile karatasi ya kwenye droo ndiyo iliyonilipia awamu yangu ya mwisho.

Na kazi ya kupanga muda itoze bei yake peke yake. Wengi mnatoza kwa slaidi, bei moja, kana kwamba kupanga alama za sauti na kujaribu vitufe ni sehemu ya kuchora. Mimi kwenye makadirio naweka mistari miwili: kutengeneza slaidi, na kupanga muda na vitufe pamoja na majaribio kwenye mfumo wa mteja, siyo kwenye kompyuta yangu. Chini yake kuna sharti kwamba sauti ikishaidhinishwa, kila mabadiliko ya maneno yanalipiwa upya, kwa slaidi, kwa kuwa yanavunja muda wote wa slaidi hiyo. Mteja wa kwanza kuliona sharti hilo alinuna, akauliza kama nimeanza kujiona mwanasheria. Msimulizi aliporudi studio kurekodi upya sura nzima kwa sababu bosi kabadilisha jina la fomu, ankara ilikuwa tayari imeandikwa.

Dada wa Mwanza, nitumie hilo faili kabla ya Alhamisi jioni ili nilijaribu kwenye simu ya bei nafuu. Wahudumu wako wa afya watalifungulia huko.